Namba ya Saa Tatu Asubuhi

S.L.P. 61,
Tabora.
12 Februari, 1975.

Mpendwa mwanangu Khole,

Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika zote, hata zile ulizoziandika pembeni mwa karatasi. Nami nauliza: hujambo? Kile kifua cha Desemba kimepoa? Huko masomoni Morisi umeanza kupata wali wa kushiba, au bado wanakulisha mkate asubuhi na jioni? Usione haya kuniambia.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bibi yako Mwanamkuu macho yamezidi kufifia, lakini masikio bado yanamtambua mtu kwa mlio wa viatu vyake. Koleta, muuguzi wa hospitali ya Kitete aliyepanga chumba cha uani, humpima presha kila Jumapili na kumgombeza kwa ajili ya chumvi. Bibi humjibu kwamba chumvi ndiyo iliyomfikisha miaka themanini.

Mvua zilianza vizuri mwezi wa Novemba, kisha Januari zikakatika siku kumi na tisa mfululizo. Tumbaku ya Sikonge imesinyaa. Sukari tunaipata kwa foleni, na betri za redio kwa bahati tu. Dinesh wa duka la kona huniwekea mbili chini ya kaunta. Anasema mimi nikiikosa taarifa ya bahari ninaugua, na mgonjwa hanunui kitu.

Hajakosea sana. Tangu nistaafu kazi ya kupima hali ya hewa, kila jioni nafungua redio na kuandika daftarini hali ya bahari zote wanazozitaja: Ghuba ya Bengali, Bahari ya Arabu, mlango wa Msumbiji, maji ya mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, huko uliko wewe, hata Atlantiki na Pasifiki ambazo sitaziona. Wewe sasa unayajua haya kuliko mimi, lakini niache nieleze, maana nisipoeleza sijui nitaanzia wapi.

Kimbunga ni kitu kimoja duniani kote, ila kila bahari imekipa jina lake. Kinataka maji yaliyopata joto la digrii ishirini na sita na zaidi, na kinataka mzunguko wa dunia ukisukume kizunguke. Karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu, ndiyo maana ndani ya digrii tano kaskazini na kusini hakizaliwi. Tabora yetu iko kwenye digrii tano barabara. Hata bahari ingefika mlangoni kwetu, tungekuwa ukingoni mwa hatari. Mtu aliyejifunza kazi hapa hujifunza hewa isiyo na ghadhabu. Likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Taarifa ikiisha, bibi yako huuliza kutoka kitandani, "Bahari imesemaje?" Hana mtu baharini, lakini anauliza. Nami kila siku humjibu, "Shwari, mama." Hata siku redio iliposema watu wa Bengali wanahamishwa kwa malori, nilimjibu shwari.

Masele anakusalimu. Amekuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa upande wa Sikonge, lakini bado anapanda baiskeli kuja kuniletea asali na kunitania. Juzi alinikuta nimeinamia daftari akasema, "Mzee Humaidi, bahari iko siku mbili kwa treni. Unaiogopa ya nini? Au ulimkopa samaki?" Kwa kawaida namjibu. Siku hiyo nilifunga daftari.

Nikupe kisa cha kijijini kwake, kwa sababu ndicho kilichonifungua. Mwaka juzi niliwapelekea kipimamvua cha shaba, nikamfundisha katibu wao, kijana mmoja anaitwa Jilala, kukisoma kila asubuhi na kuandika. Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia. Daftari lilikuwa safi, limepigiwa mistari, na Januari yote ilikuwa na mvua: kumi na mbili, nane, ishirini na moja. Nje udongo umepasuka hata unaingiza kidole. Masele akachungulia begani kwangu akasema, "Kumbe mvua tunayo. Jilala ameipanda kwenye karatasi, tungoje mavuno."

Jilala alijitetea kwa upole. Alisema, "Mzee, kila mwaka tarehe hizi inanyeshaga. Nimeandika kinachonyeshaga. Na sifuri zikijaa, huko wilayani wataona kama tulikuwa tumelala."

Wote walinigeukia wakingoja nimkaripie. Nikaomba maji. Nikarudi mjini siku hiyo hiyo, na barua yako nikaikuta mezani.

Sasa nije kwenye swali lako. Unasema mmepewa kazi ya kunakili madaftari ya zamani ya pwani yetu kwenye kadi, ili wanaotabiri vimbunga wajifunze kutoka kwa vilivyopita. Unasema kuna usomaji mmoja wa mgandamizo wa hewa, wa saa tatu asubuhi, kituo kidogo cha kusini, tarehe 11 Aprili 1962, milibari 1012.6, na kwamba hauendani na wenzake. Meli iliyokuwa nje ilisoma chini kabisa, na kituo cha jirani kilikuwa kinashuka. Mwalimu wako amesema namba hiyo ithibitishwe na aliyeisoma, au ibaki kama ilivyo. Umeutambua mwandiko kwa ile saba yangu yenye mkato. Unaniuliza kwa heshima, "Baba mkubwa, hii ni sahihi?"

Kuhusu tarehe hukuandika neno. Nikajua umeiona.

Mwaka ule nilipelekwa kusini miezi minne kumshikia mtu aliyekuwa likizo. Nilikuwa nimefanya kazi Tabora miaka tisa. Unajua barometa ya nchi za joto inavyokwenda: hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena, hushuka tena, kila siku ya Mungu, kama mtu apumuaye. Hapa Tabora ungeweza kutegea saa. Tulizoea hata tukawa na tabia mbaya ambayo sisi wa bara tuliiona ni ujuzi. Siku za matope mtu haendi kibandani kwenye vyombo. Anatazama jua, anajua barometa inasema nini, anaandika. Na akienda akakuta namba ngeni, anasema jicho lake limekosea, maana hewa haikosei. Hatukuiita uongo. Tuliita kunyoosha.

Baba yako Darwesh alikuja kunitembelea huko. Alikaa siku tano. Alicheka vyakula vya pwani, alikununulia ule mkufu wa shanga za buluu aliousahau chumbani kwangu, akapata nafasi kwenye meli ndogo ya mizigo iliyobeba korosho kwenda Dar es Salaam, iondoke saa sita mchana. Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja. Mbingu zilikuwa na utando mwembamba, na mawimbi yalikuwa marefu, yamepishana mbali, yanakuja taratibu bila upepo. Leo najua maana yake: kimbunga kiko mbali, kinakuja. Siku ile niliona yanapendeza.

Saa tatu nilikwenda kwenye barometa. Ilipaswa kuwa inakaribia kilele chake. Niliikuta imeshuka. Nikagonga kioo, nikasoma tena, ikawa imeshuka zaidi. Nilikaa pale nikifikiri. Nilijiambia chombo kiliharibika kilipobebwa kwenye lori. Nilijiambia nikipeleka namba ile kwa simu, Dar es Salaam watauliza nani huyu mtu wa bara asiyejua kusoma barometa. Kisha nikafanya nilichozoea kufanya. Nikanyoosha. Nikaandika 1012.6, nikaipeleka.

Karani wa bandari alingoja namba hiyo kabla ya kuamua kupandisha bendera ya dhoruba. Hakupandisha bendera yoyote. Saa sita nilimsindikiza mdogo wangu gatini. Alikuwa ameshika kapu la korosho, akanitania mbele ya mabaharia, "Haya, mganga wa mawingu. Bahari imesemaje?"

Nikamjibu, "Shwari."

Meli ile ilikuwa na watu kumi na mmoja. Upepo ulianza alasiri, ukavunja mapaa ya mji usiku kucha. Haukupatikana ubao hata mmoja.

Utasema, kama alivyo na haki ya kusema mtu wa elimu, kwamba labda nahodha angeondoka hata kwa bendera, na labda kimbunga kingewakuta hata bandarini. Nimeihesabu labda hiyo miaka kumi na tatu. Sitaki unikabidhi tena. Baba yako hakumwuliza labda, aliniuliza mimi.

Kuna jambo jingine unalolijua nusu. Katika nyumba yetu, tangu zama za misafara, mtu aliyepotea njiani hasomewi hitima mpaka aje mtu wa kusema nimeona. Babu zetu walikwenda pwani na pembe, wengine hawakurudi, na wake zao walingoja mpaka mpagazi mmoja ashuke mzigo mlangoni na kusema ilikuwa mahali fulani, siku fulani. Hapo ndipo walipolia. Bibi yako hakukubali tumsomee Darwesh. Alisema, "Hajaja mtu." Serikali ilileta karatasi, akasema karatasi haina macho. Wewe ukakua huna siku ya kumlilia baba yako. Na mtu aliyengojwa, Khole, alikuwa ndani ya nyumba hii muda wote, akila mezani, akikusainia ripoti za shule.

Nilipokuona umechagua kazi hii niliogopa, nikakupa baraka kwa mdomo mkavu. Sasa naona ilikuwa lazima iwe wewe.

Naiacha barua hapa. Sitaipeleka posta kabla sijazungumza na mama. Nikingoja kwanza jibu lako, itakuwa nimengoja kuona kama naweza kuokoka.

Jumamosi, tarehe 15.

Nimezungumza naye jana baada ya sala ya Ijumaa. Nilikaa chini, kwenye mkeka, nikamwambia yote kwa mpangilio kama nilivyokuandikia, na barometa nikaieleza kwa mfano wa moyo wa mtu. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye neno shwari aliinua mkono nikanyamaza.

Kisha alisema, "Kumbe aliyeona alikuwa humu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ilikuwa wapi? Siku gani?"

Nikamwambia gati, nikamwambia Jumatano saa sita, nikamwambia alikuwa amevaa shati gani. Alitaka hata rangi ya kapu. Kisha akasema, "Basi asomewe." Akageukia ukutani.

Hajaniambia neno tangu hapo. Kahawa yake anapelekewa na Koleta. Jana jioni nilifungua redio, wakasema kuna kimbunga mashariki ya Bukini, kinaelekea magharibi taratibu. Nikaandika. Taarifa ikaisha, nikakaa na kalamu mkononi nikisubiri swali. Hakuuliza. Nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia betri zinavyokufa ndani ya redio. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kumfikia, "Ina tufani, mama." Nikasikia tasbihi yake imeanza kwenda.

Wewe uko karibu nayo kuliko sisi. Ukisimama ukaelekeza uso kwenye upepo, kitovu kiko kushoto kwako. Usitoke nje.

Hitima haitasomwa kabla sijasikia kutoka kwako. Ukitaka ingoje urudi, itangoja. Ukitaka isomwe nami nisiwepo, nitakwenda Sikonge siku hiyo. Masele ana nafasi, na Jilala ananidai somo ambalo safari hii nitaweza kulitamka. Ukiona huwezi kuniandikia, mwandikie bibi yako, Koleta atamsomea. Sitauliza mmeandikiana nini.

Mkufu wa shanga za buluu uliuacha kwenye sanduku la bati. Ninautunza.

Mama yako wa Bukene anakusalimu. Alipita wiki iliyopita kwa treni akaacha mchele. Naye nitamwendea mwenyewe kumwambia, si kwa barua. Masele, Koleta na Dinesh wanakusalimu, kila mmoja kwa jina lake. Mungu akulinde na bahari ya nje na ya ndani, na akupe jicho lisiloona haya kwa kile linachokiona.

Swali lako nalijibu hapa chini, ili upate kulikata na kumpelekea mwalimu wako.

Mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda hata ukichelewa kuniamini,

Humaidi.

Kwa anayehusika: Usomaji wa saa tatu asubuhi, 11 Aprili 1962, si sahihi. Niliubadili mimi. Barometa ilionyesha 1005.4, na baada ya kugonga kioo 1005.1, nayo ilikuwa inaendelea kushuka. Nilizisoma vizuri. Jicho langu halikukosea.