Sketi Kumi na Moja za Drafti

Jumatatu, 3 Juni

Nimefua tena vile vipande vitatu vya majaribio. Mara ya nne. Maji ya hapa Kitandililo asubuhi yanauma. Vidole havikunjiki.

Cha kwanza ni polista tupu. Kinakauka upesi na rinda linasimama kama kadibodi, ila kinang'aa vibaya. Cha pili ni sufu ya bandia. Kina joto, kinapendeza, lakini kwa kufuliwa mara nne tu kimeota vipele vya manyoya kote. Cha tatu ni mchanganyiko wa polista na viskosi. Kinaanguka vizuri mwilini. Rinda lake linalegea kidogo likishaonja maji. Kidogo tu.

Nikachomoa uzi kwenye kila kimoja, nikauchoma kwa njiti ya kiberiti. Polista ikajikunja ikawa donge jeusi gumu. Huu wa tatu umeacha donge dogo na jivu. Yaani si plastiki tupu. Nimefurahi peke yangu jikoni.

Wiki ya saba ya ndoa. Festo ameondoka kwenda stoo ya mbao na skafu niliyomfunga mimi. Mume wangu. Naandika tena: mume wangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimechagua ule mchanganyiko. Sasa naogopa.

Yote yalianzia mnadani Makambako. Mama, yaani mama yake Festo, aliona kwenye mitumba sketi nzito ya sufu ya drafti, ya kujizungushia. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya ya kina mama ya usharika wetu. Wenzake wakaipenda, wakasema tarehe 23 tukienda kuimba Njombe tuvae hivyo wote. Sufu yenyewe nani anaiweza? Mama akasimama mazoezini akasema mkwe wake atachagua kitambaa cha bei ya watu na atazishona.

Mama Zawadi, wa sauti ya pili, akauliza binti wa Manda atajulia wapi marinda, kwao ziwani si kanga na jua tu? Wakacheka. Festo ameniambia Mama hakucheka. Alisema, "Akishindwa, nimeshindwa mimi."

Heri asingeniambia. Nampenda, lakini heri asingeniambia.

Jumamosi, 8 Juni

Kitambaa kimepatikana sokoni. Kijani na bluu, mstari mwembamba mwekundu. Muuzaji alikuwa na jora moja tu. Nikalichukua lote. Nimekifikicha kwa leso nyeupe iliyolowa, hakikutoa rangi. Nimekikunja ngumini nikahesabu hadi thelathini, nikakiachia, kikajinyoosha chenyewe. Muuzaji akaniuliza kama nataka pia kukionja.

Nimekiloweka chote kabla ya kukata. Kikirudi, kirudie kwenye beseni, kisirudie kwenye kiuno cha mtu.

Ukungu siku nzima. Hakikauki. Manda ungetandika kitu juu ya jiwe, ukamaliza kuosha vyombo, ukakikuta tayari. Nimepakumbuka nyumbani leo. Kisha Festo akarudi na mahindi ya kuchoma ndani ya koti lake, bado ya moto, nikaacha kupakumbuka.

Jumatano, 12 Juni

Sketi tatu tu. Mgongo.

Kila moja ina marinda ishirini na mawili nyuma. Mbele ni vipande viwili bapa vinavyopishana, cha juu, chenye ukingo uliochambuliwa nyuzi, kinafunika cha chini, kisha vikanda viwili vinafungwa upande wa kulia wa kiuno. Ukingo wa kila rinda lazima uangukie kwenye mstari mwekundu. Ukikosea moja, yote yanayofuata yanakwenda upande. Jana nimefumua marinda kumi na manne. Nililia kidogo. Si kwa huzuni. Kwa uchovu tu.

Cherehani ni ile ya baba, ya zawadi ya harusi. Festo ameipaka mafuta bila kuambiwa. Amejipaka na yeye.

Jumamosi, 15 Juni

Marinda yamegoma kukaa. Umeme wa kukatika kila saa, na pasi ya mkaa naiogopa kwa kitambaa hiki. Mama amenipa dawa: nipige bandi marinda yote kwa uzi wa muda, nitandike sketi kwenye ubao chini ya godoro, tulale juu yake. Alisema kwa uso mkavu, kisha akaongeza kwamba tusijigeuzegeuze. Sikujua niangalie wapi.

Zinaenea nne kwa mara moja. Festo amelala chali usiku mzima kama mgonjwa wa hospitali. Asubuhi ameniuliza kama marinda yamelala vizuri, maana yeye hakulala.

Yamelala vizuri. Makali kama yamekatwa kwa kisu. Ninampenda mtu huyu mpaka naona aibu kuandika.

Jumanne, 18 Juni

Kina mama wamekuja kujaribu zile saba zilizokwisha. Upepo wa Makambako mkavu, sketi zikawaganda miguuni. Mama Zawadi alipiga hatua mbili, kitambaa kikapanda naye. Akasema hii sketi inamtaka kuliko mumewe. Wote wakacheka, hata mimi.

Nimewaambia wavae shimizi ya pamba ndani. Mmoja akaenda kujaribu, ikatulia. Nikawaambia na mengine: maji baridi, sabuni kidogo, msikamue, ning'inizeni kwa mkanda kivulini, msianike karibu na jiko. Pasi ya uvuguvugu, juu ya kitambaa kibichi, kamwe isiguse sketi yenyewe. Mama Zawadi akasema kumbe wameletewa mtoto mchanga. Mama akamkata jicho.

Zimebaki nne. Ya Mama ni ya mwisho. Nataka iwe nzuri kuliko zote.

Alhamisi, 20 Juni

Zimekwisha. Kumi na moja. Ya Mama nimeimaliza saa kumi jioni. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Hakuna rinda hata moja lililokosa mstari.

Kitambaa kilichobaki hakitoshi hata mfuko wa shati.

Kesho nilainishe mikunjo ya mbele na kutoa bandi. Leo siwezi. Siwezi hata kula.

Ijumaa, 21 Juni

Imeungua.

Nimeamka jua limeshatoka. Sijawahi kuchelewa hivyo tangu niolewe. Festo ameondoka. Mezani chai imefunikwa, kuna karatasi imeandikwa: Pumzika, ya Mama nimeshaipiga pasi. Pasi ya mkaa iko pembeni, bado ina joto. Sketi ya Mama imetandazwa vizuri kabisa, na mbele, kwenye kile kipande cha juu, pana alama ya pasi nzima. Imeng'aa, imejikunja, katikati pana tundu la kupitisha kidole.

Pasi aliipasha kama anayepiga kaki ya shule. Hakuweka kitambaa kibichi. Alitaka nilale.

Nimemchukia kwa muda wa chai kupoa. Kisha nikaisoma tena ile karatasi, na chuki ikanikimbia.

Nimekwenda sokoni. Jora jingine la kitambaa kile hakuna. Nimerudi kwa miguu. Najua nitakachosema. Mkwe wa wiki tisa, mumewe anapiga pasi sketi ya mama yake huku yeye amelala! Kwaya itaimba hilo kabla ya wimbo wa kwanza. Nitasema nimeunguza mimi. Kuwa mzembe ni afadhali.

Festo amerudi, ameiona, amekaa chini sakafuni. Nimemwambia anyamaze. Amenyamaza. Nilimwomba mwenyewe, na bado imeniuma kwamba amekubali.

Jumamosi, 22 Juni

Nimempelekea Mama asubuhi. Nikamwamkia kamwene, kwa Kibena. Nikamwambia nimeiunguza.

Aliitandaza mezani, akaweka kiganja juu ya ile alama, akakigeuza, akakiweka tena. Kisha akasema, "Wewe unatumia mkono wa kulia. Ncha ya pasi hii imekuja kutoka kushoto. Mtu wa shoto katika nyumba hii ni mmoja, na kaptula zake za shule zilikuwa na alama hizi hizi."

Nikaanza kusema hapana. Festo alikuwa amesimama mlangoni, sikujua ni tangu lini. Akasema, "Ni mimi, Mama. Nilitaka alale. Na jana nilitaka kukueleza, nikaogopa."

Mama akamtuma maji. Mwanaume mzima akabeba ndoo akaenda. Nikabaki naye. Nikategemea ataniuliza mwanamke gani analala mpaka jua. Akasema, "Usinifiche tena kitu, mwanangu. Hata cha kumkinga yule."

Kisha akauliza tunafanyaje. Tunafanyaje, alisema. Si unafanyaje.

Hapo ndipo nilipoiona. Vipande vya mbele ni viwili na vinalingana. Nikahamisha vikanda kwenda kushoto, kipande kilichoungua kikaingia chini, kizima kikaja juu. Nikakichambua nyuzi ukingoni kama kile kilichoungua. Tundu nikalizungushia uzi ndani ili lisiendelee. Saa tano za kazi. Itafungwa kushoto wakati zingine kumi zinafungwa kulia. Nimemwambia wazi kwamba wataona. Akasema waone.

Nimechoka mpaka mifupa. Festo amenikanda mabega kwa mafuta ya cherehani. Hakusoma chupa. Sikumwambia.

Jumapili, 23 Juni

Njombe. Baridi, upepo, watu wengi. Nyimbo sikuzisikia, nilikuwa natazama pindo. Sketi kumi na moja zikageuka pamoja, marinda yakafunguka na kufunga, mistari myekundu ikaonekana mara moja ikapotea. Kumi zimefungwa kulia. Moja, ya mbele kabisa, kushoto.

Nje, mama mmoja wa usharika mwingine ameuliza nani ameshona. Nikajificha nyuma ya Festo. Mama Zawadi ndiye aliyejibu. Alisema, "Mkwe wetu."

Njiani nimelala begani kwa mume wangu, mdomo wazi, amesema. Sijali.

Jumatatu, 24 Juni

Sketi zimerudi zifuliwe. Asubuhi kina mama wawili wamekuja na za kwao, wanaomba vikanda vihamishiwe kushoto kama vya kiongozi, wamependa. Nikamtazama Mama. Amewaambia hapana, hiyo ya kushoto ni ya kwake peke yake. Hakueleza kwa nini. Wameondoka wakinuna kidogo.

Kisha amevuta kiti karibu na changu, akachukua sindano, tukaanza kupiga bandi marinda kabla ya kuyatia majini. Mimi ya Mama Zawadi, yeye ya kwake. Ukungu umetanda dirishani, Festo yuko kazini, chai iko jikoni.

Alipofika rinda la nane amesinzia, sindano mkononi. Nimeichukua taratibu nikaendelea na la tisa.