Kezia Ataulizwa Jumatatu

Kitahana, Kibondo
9 Mei 1974

Kwa binti yangu Winifrida,

Hapa nyumbani tunaamka salama, na maharage tumeshayang'oa. Barua hii nimeandika mwenyewe kwa herufi za kisomo cha watu wazima, usinicheke.

Kesi ya Kezia wako imesikilizwa. Leonidasi uliyeachana naye alisimama akasema, "Nilitoa ng'ombe wanne, mtoto ni wangu." Hakimu akamjibu, "Ng'ombe hawalei mtoto, mzee. Sheria ya sasa inataka naye aulizwe." Basi Jumatatu tarehe 20 ataulizwa mbele ya wazee wa baraza, anataka kwa baba au kwa mama.

Mwanangu, jana tukichambua maharage mtoto kaniuliza, "Bibi, nikisema nakutaka wewe, watakubali?" Nikamsogezea ungo mwingine. Miaka mitatu uko huko Kasulu, sura yako anasimuliwa tu. Mimi simo kwenye kesi. Akinitaja mimi, baba yake atapewa.

Njoo hata siku tatu kabla. Umsuke nywele, mlale kitanda kimoja. Mimi siku hiyo sitaingia ndani. Nitakaa nyuma ya mahakama, asije akaniona akanikimbilia.

Mama yako anayetazama njia,
Maximilla