Mto wa Uani Kwetu, Al Warqa

Jumapili, 2 Februari 2014

Mto umekamilika! Beseni refu uani, kokoto, majani ya majini, pampu ya kuzungusha maji, samaki saba wadogo. Pampu kaleta Ghania, mwenzangu wa darasani. Mwalimu wetu, Miss Martina, anautaka kwenye maonyesho ya sayansi Jumapili ijayo, samaki wakiwa hai. Wakifa — hatuna cha kuonyesha.

Bibi kauzunguka. Huu ndio mto? Wake wa kulalia mkubwa zaidi! Ghania kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 5 Februari

Maji yameingia ukungu. Yananuka kidogo. Samaki wote juu, midomo wazi — oksijeni imepungua.

Nimemshuku Baba. Huosha gari pale pale, sabuni inaruka. Nimemwambia. Kanuna: "Khalas, yaishe, nitaoshea mji wa pili, Sharjah!"

Nimebadilisha sehemu ya maji, si yote. Mapya niliyaacha ndooni kutwa ili klorini itoke.

Ijumaa, 7 Februari

Samaki mmoja amekufa.

Gari halijaoshwa tangu Jumatano. Basi si sabuni. Maskini Baba!

Nimeinua kokoto. Chini — uji mweupe, unanuka vibaya. Mkate! Bakteria wanauozesha, na kazi hiyo inamaliza oksijeni. Lakini nani kautia?

Jumamosi, 8 Februari

Bibi.

Nimemwona baada ya chai ya asubuhi, makombo kiganjani. Kwetu mkate hautupwi jaani, ni riziki. Zamani aliwapa ndege. "Wanaachama, mwanangu. Wana njaa. Kila nikiwapa, wanazidi kuachama!"

Kumbe! Wakitweta, anaongeza mkate. Akiongeza mkate, wanatweta. Nikasema nataka kusafisha beseni.

Nimesafisha. Alasiri hii samaki sita wako chini, wanacheza kwenye majani, midomo imefungwa. Alhamdulillahi! Raha kuwatazama.

Limebaki bango. Chini ya "chanzo cha uchafuzi" Ghania anasema tuandike mabaki ya chakula, yalla, tumalize. Lakini Bibi anakuja kesho. Kanga mpya keshaipiga pasi. Na lugha ya bango haijui; atataka nimfasirie kila neno, mbele ya watu.

Huyo anatoka uani. Mkono kaufumba. Anawachungulia.

"Mbona wamekwenda chini? Wameshiba, au wamenuna kama baba yako?"

Nimemwambia, Bibi, njoo ukae hapa karibu nami, nikufasirie bango leo, tukiwa wawili.

Kaja, kakaa. Mkono bado kaufumba.