Chupa za Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka, umekaa, na lile tumbo limetulia. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Nisalimie kaka na wanawe, yule mtundu wa mwisho kwanza.

Kabla hujaendelea kusoma, Mama, mwambie kaka ateleke maji. Yachemke hasa, si kupata moto tu. Ningepiga simu, lakini simu ya kaka haipatikani tangu juzi, na wewe kwenye simu huitikia "ndiyo, mwanangu" hata kama hukusikia kitu. Dereva wa lori la kiwanda ameapa atakukabidhi barua hii mkononi.

Huku kazini kumeharibika. Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa maji ya chupa, akakaa kwenye stuli yangu ya maabara, akafungua daftari la vipimo. Alipitisha kidole kwenye kalsiamu, kisha magnesiamu, akaniuliza inakuwaje namba za Jumatatu mpaka Ijumaa zifanane kama mapacha, wiki saba mfululizo. Alisema maji ya chemchemi hubadilika, hasa mvua ikinyesha, na mvua imenyesha kweli. Nikamjibu kwamba mashine yetu ni nzuri. Meneja alicheka, akasema mimi ndiye mpimaji wake hodari. Mkaguzi hakucheka, alisema atarudi Alhamisi. Alhamisi ni kesho.

Mama, unanijua nilivyo mwoga. Chemchemi iko chini ya ngazi thelathini na mbili, ndani ya kijumba cha saruji chenye giza. Mvua zilipoanza nilimwona nyoka amejikunja kando ya mfuniko wa chemchemi. Nilitoka mbio, ndoo nikaiacha hukohuko. Niliogopa kusema, wangenicheka. Tangu hapo nimekuwa nikishuka Jumatatu tu, kwa kuwa mlinzi wa siku hiyo hunisindikiza, na mvua ikinyesha tunasubiri ikatike. Najaza chupa tano, nabandika karatasi: Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa. Kisha kila asubuhi navaa koti langu jeupe, nafungua moja, napima kwa makini kabisa!

Jana nilishuka peke yangu. Yule nyoka ni kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nilipofuta macho nikaona mfuniko una ufa, na tope la mvua kutoka zizi la ng'ombe la juu linaingia humo. Nilichota maji hayo nikayapima, na leo asubuhi sahani ya kupimia vijidudu imejaa vidoa. Nimemwambia fundi azime mashine ya kujaza chupa. Ananiona nimerukwa na akili.

Zile katoni mbili nilizokuletea zilijazwa Alhamisi, siku ya mvua. Maisha yako yote umechemsha maji, mimi nikakucheka, nikakwambia pumzisha hiyo sufuria, haya nimeyapima mwenyewe. Sasa umeniandikia kwamba tumbo linakusumbua wiki ya pili na hujui umekula nini, maana maji yamepimwa na mwanao. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea.

Nenda hospitali leo, tafadhali, na umweleze daktari ulichokunywa. Kesho nitamwambia mkaguzi yote kabla hajakaa. Kufukuzwa naogopa, kushtakiwa naogopa, lakini tumbo lako naliogopa zaidi.

Wasalimie majirani wote, Mama, na uniandikie majina ya wale uliowagawia chupa.

Ni mimi, kitinda mimba wako mwoga.