Jani la sale juu ya mipira ya breki

Alhamisi, na mlima haujaonekana tangu asubuhi. Manyunyu tu, na baridi ya kuingia mifupani. Nimerudi nyumbani Soweto, hapa Moshi mjini, nimechoka, lakini siwezi kutulia mpaka niandike.

Leo mpira wetu umefaulu. Pale karakana ya Njoro tunatengeneza mipira ya breki za magari, na kwa miezi mingi nimekuwa nikichanganya ndani yake vitu viwili: masizi, yanayoupa nguvu, na udongo wa nano, yaani wa chembe ndogo mno kuliko vumbi, unaozuia mafuta yasipenye. Kimoja peke yake hakikutosha. Leo tumeitoa mipira ya majaribio kwenye mafuta ya breki yenye moto mkali, haijavimba wala kuchanika. Wenzangu wakashangilia.

Mimi nikaenda kulia stoo.

Kaka yangu Elia alifariki akishuka kutoka Old Moshi, pikapu imejaa ndizi. Mpira wa breki ulipasuka, mafuta yakavuja, akakanyaga pedali ikaenda mpaka chini. Ndiyo sababu nafanya kazi hii. Sijawahi kuliandika hapa.

Baba aliitengeneza ile pikapu, kisha akaiacha kihambani, shambani kwake Old Moshi, katikati ya migomba. Tangu asikie habari za mpira wangu, anataka niufunge humo aendeshe tena. Jumapili nilimkatalia, tena kwa sauti kali, mbele ya mama. Kufaulu kwenye mashine si kufaulu kwenye mteremko.

Kumbe hakukata tamaa. Leo wakati wa chai kaingia karakana, amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana jani la sale. Kwetu Wachagga mtu akikujia na sale kukuomba, humkatalii, hata kama mmenuniana miaka. Lakini mzazi kumletea mtoto wake? Niliona aibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Lile gari lisibaki kuwa la msiba. Nipe mipira yako, nilishushe mwenyewe."

Akaliweka jani mezani, juu ya mipira ya majaribio. Nikalipokea. Ningefanyaje? Akaondoka ameridhika.

Nina hasira naye, niseme ukweli. Amenibana, na anajua. Lakini hofu imezidi hasira. Kaka nimeshamzika. Nikimzika na baba kwa mpira nilioukanda kwa mikono yangu, sitainuka tena.

Jani liko hapa mbele yangu, kwenye glasi ya maji. Kesho nitapanda Old Moshi na mipira, pamoja na fundi. Tutaifunga, tutaijaribu kwanza kwenye tambarare, taratibu. Halafu ule mteremko, wa kwanza kuushuka nitakuwa mimi.

Baba hatakubali, namjua.

Basi nitampelekea sale lilelile, kwa mikono miwili, nimwombe aniachie usukani.