Ndago Mbele ya Nyumba ya Mama

Chumba cha Uani,
Nyumba ya Kona.
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na baridi ya huko imekuachia? Shemeji na mapacha wote wazima? Goti lako nimeliota, nikajua tu linakusumbua, usikae sakafuni. Mimi sijambo, nashukuru. Kifua kimetulia na usingizi ninaupata mzuri, hasa tangu bustani ya wifi yetu iharibike.

Ndiyo, imeharibika. Tulia nikusimulie, maana barua hii ina kazi yake.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitoka na kijiko chake cha chai kilichopinda, hata uso hajanawa, anachimba ndago, yale magugu sugu, moja moja mbele ya nyumba? Alitufundisha sote wawili: usivute jani, fuata mzizi mpaka kwenye kile kitunguu chake, na ukikiacha kimoja umejisumbua bure. Ndiyo maana nyasi zake zilikuwa safi, na yasmini yake pale dirishani ilistawi.

Kaka alipohamia na mkewe, mimi nikapelekwa chumba cha uani. Sawa. Lakini wiki ile ile wifi akaikata yasmini, eti inaleta mbu. Kisha nikamkuta na kijiko cha mama mkononi, anawaonyesha wageni, wanacheka. "Bustani gani hii inalimwa kwa kijiko cha chai?" Akakitupa kwenye ndoo ya taka. Nilikiokota, nikakiosha, nikaapa kwamba atanikoma.

Akaagiza nyasi mpya, zile zinazotandazwa kama zulia, kijani mpaka macho yanauma. Hata fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliacha kazi aje kuzishangaa. Mvua ya kwanza tu, ndago zikachungulia karibu na ngazi. Zilikuwa chache, ningezimaliza kabla ya chai. Nikanywa chai yangu.

Zilipofika katikati akaniita, siku hiyo kwa adabu kweli, akataka kujua dawa yake ni nini. Nikamwambia, "Chukua jembe, wifi, tifua bila woga." Wewe unajua jembe linachoifanyia ndago: linaikata vipande na kuitawanya kila kona. Akatifua kutwa, jasho linamchuruzika, nami nikampelekea maji ya kunywa. Maskini, alinishukuru.

Mvua iliyofuata, zulia kwisha. Ni ndago tupu, zimesimama wima kama zimealikwa. Wageni sasa wanapitishwa mlango wa jikoni. Nasikia raha, mdogo wangu, sikufichi. Naamka mapema ili nizione.

Lakini juzi niliona kitu. Yasmini imechipua, pale pale dirishani, majani machache laini, na ndago zimeshaizunguka. Nikiiacha itakufa mara ya pili. Nikichimba, wifi ataona dawa ilikuwa ipi.

Leo alfajiri nikatoka na kijiko. Nikachimba duara dogo, ukubwa wa sinia, nikaishia hapo. Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa dirishani. Akatazama duara, akatazama kijiko, uso ukamshuka. Akaniuliza mbona nimesafisha hapo tu.

"Hapa ni pa mama," nikamwambia. "Kwingine kote ni kwako."

Sasa kazi ya barua ndiyo hii. Kijiko ameshakiona, lakini habari ya kile kitunguu haijui, na ameomba namba yako ya simu kwa kaka. Nawe nakujua, una huruma za haraka. Akikuuliza, mwambie arudie jembe. Ukija likizo, yasmini utaikuta.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na yule mama mkwe wako mcheshi mwambie namkumbuka. Mungu awafunike kwa wema wake, na goti lipone.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyesahau,

Dada Mkubwa