Tumbo la Kwetu

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikangoja, kana kwamba ungeniitikia kutoka jikoni kwa ile marahaba yako ndefu, kisha uniulize nimekula nini. Kimya. Basi naendelea.

Peasi zimeiva tena. Mama alinituma kuchuma za mti wako, nikachagua kama ulivyonifundisha, nikiacha zilizodonolewa na ndege. Lakini hakuna wa kuzipeleka stendi ya Mombo. Hakuna wa kumwambia abiria dirishani, "Kaka, tumbo lako linalilia peasi, mimi nalisikia toka huku!" Nakumbuka likizo ile uliyonichukua nikusaidie kuuza. Basi lilipoondoka ulichuchumaa nyuma ya tenga, ukaegemeza paji la uso ukingoni, jasho linakutoka. Nikakuuliza una nini. "Naongea na peasi zangu, niache." Nikacheka. Na wewe ulicheka, huku umeuma kanga.

Sasa naongea nazo mimi.

Nilipovunja ungo uliitwa wewe kunifunda, maana hiyo ni kazi ya shangazi. Ukanionyesha jinsi ya kupasha lile jiwe la mtoni, kulifunga kwenye kanga na kulilaza chini ya kitovu. Ukasema, "Hili ni tumbo la kwetu. Bibi yako alikuwa nalo, mimi ninalo. Vumilia." Nikavumilia. Lakini mwaka huu nimekosa masomo mara nyingi mno. Mama anasema yeye hakuwahi kuumwa hivyo, labda nadeka. Bibi anasema wao wote waliumwa hivyo, sasa mimi nalia nini? Kati yao wawili, hakuna aliyetaja ugonjwa.

Aliyeutaja ni daktari wa hapa Lushoto, siku mwalimu wa baiolojia aliponipeleka baada ya kuanguka darasani. Anashuku endometriosis. Nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake, nje ya mji wenyewe, na kuleta maumivu makali mwezi kwa mwezi. Akauliza, "Kwenu yupo mwingine anayeumwa hivi?"

Nikalitaja jina lako. Tangu tukuzike sikuwa nimelitamka mbele ya mgeni.

Akanieleza kwamba hakuna kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Watu tunatofautiana kwa vitu vidogo vidogo vingi katika vinasaba vyetu, na baadhi yavyo huongeza hatari, kila kimoja kidogo tu. Mwenye ndugu aliyeugua yuko karibu zaidi na ugonjwa, lakini si lazima aupate. Nikamwambia Mama haumwi. Akasema, "Na kwa baba je? Vinasaba hivi hupita hata kwa baba." Nikaufikiria mwanya wako, Shangazi. Ninao mimi, na aliyenipa ni Baba.

Na ni Baba anayetakiwa kukubali niende hospitali kubwa ya Tanga nikapimwe. Mambo haya mtoto wa kike humwambia shangazi, naye shangazi humwambia kaka yake. Njia yangu ilikuwa wewe. Mama naye aliona haya. Nikawa nashuka shambani kwa Baba, napandisha tena bila kusema kitu.

Jana asubuhi alikuwa bondeni akigeuzia maji kwenye kabichi. Nikasimama ng'ambo ya mfereji, nikayatazama maji, nikasema, "Baba, ninaumwa tumbo la Shangazi."

Aliweka jembe chini. Kisha akasema, "Tukiwa watoto nilikuwa nambeba mgongoni kutoka shule. Bibi yako akasema ndivyo wasichana walivyo." Akaniangalia. "Kumbe ule ulikuwa ugonjwa?"

Hukupimwa, Shangazi. Nimonia ilikuchukua hatujawahi hata kuuliza. Sitajua kwa hakika, na hilo linaniuma kuliko tumbo. Miaka yote ile uliongea na peasi, na sisi tuliokupenda tukadhani ni utani.

Baba aliokota jembe. "Jumatatu tunashuka Tanga," akasema. Sauti yake ilikuwa kama yako ukiwa umechoka.

Jiwe lako ninalo. Bado linasaidia. Mdogo wangu Zaina akivunja ungo, nitamfunda mimi, kwa sababu hupo. Nitamwonyesha namna ya kulipasha lisimuunguze. Nitamweleza kwamba huenda asiumwe kabisa. Ila nikifika pale uliposema vumilia, nitakukumbuka, halafu nitamwambia, "Ukiumwa, sema. Kwa Baba nitakwenda mimi." Nakuahidi.

Pumzika, Shangazi. Jumatatu, basi likisimama Mombo, nitafungua dirisha.

Mwanao,
Mwanaidi